Fahamu: Mkutano mkuu wa kijiji na nguvu zake

Iwe Nyangoto, jirani na mgodi wa North Mara wilayani Tarime, au Robanda wilayani Serengeti, kugawa ardhi ya kijiji si kazi ya mwenyekiti peke yake.

Ni nini?

Ni mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Mwenyekiti huongoza, mtendaji huandika muhtasari. Mapato na matumizi husomwa hadharani, na hapo ndipo maswali huwa makali.

Una nguvu gani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, kugawa ardhi kabla mkutano haujaridhia. Ndiyo maana ukizuka mgogoro wa shamba, huulizwa kwanza muhtasari na saini za waliohudhuria.