Intaneti Inayogoma kwa Zamu

Kwa miezi 18, wakazi wa Aberhosan, kijiji kidogo huko Wales, walikuwa wakipoteza intaneti kila asubuhi ifikapo saa 1. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu Uingereza, walipima laini na kuikuta nzima. Wakabadilisha nyaya, tatizo likabaki palepale. Mwaka 2020 timu nyingine ikaamua kulivizia. Saa 12 asubuhi, katikati ya mvua kubwa, mafundi wakapitapita kijijini wakiwa na kifaa cha kupima mawimbi ya umeme. Ilipotimu saa 1, kelele kubwa ikaingia hewani. Wakaifuata hadi kwenye nyumba moja iliyokuwa na televisheni ya mtumba, ambayo mwenyewe aliiwasha kila siku muda huohuo. Aliona haya, akaahidi hataiwasha tena.

Kilichomfichua mkosaji ni saa. Nyaya mpya zilikuwa gharama ya bure.

Ruta ya nyumbani inayokimbia mchana na kujikokota usiku inatakiwa kuchunguzwa vivyo hivyo, lakini wengi hukimbilia kuizima na kuiwasha. Kweli, mara nyingi hupona. Tabu ni kwamba ushahidi unafutika: ruta ikiamka huenda ikachagua chaneli nyingine, vifaa vinaunganishwa upya, na hakuna ajuaye kipi kilichotibu. Kesho yake ugonjwa unarudi. Afadhali dakika mbili za kuandika kwenye simu: saa ngapi, chumba gani, nani alikuwa akifanya nini.

Baada ya hapo, njia igawanywe vipande viwili. Kwenye kompyuta ya Windows hufunguliwa madirisha mawili ya amri. La kwanza huandikwa ping 192.168.1.1 -t, yaani anwani ya ruta yenyewe (nyingine hutumia 192.168.0.1; anwani hiyo huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta). La pili huandikwa ping 8.8.8.8 -t, anwani ya Google iliyoko nje. Kila sekunde hivi unatoka mstari wenye muda wa majibu kwa milisekunde. Mtandao ukianza kusuasua, namba ndizo husema. Ikiwa ruta iliyokuwa ikijibu kwa milisekunde 3 sasa inajibu kwa 300, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa ruta inajibu vilevile na Google ndiyo iliyochelewa, waifai haina hatia.

Ndani ya nyumba, mshukiwa wa kwanza ni masafa ya gigahezi 2.4. Humo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Katika ghorofa lenye familia 20, jioni kila mtu akirudi, ruta zote hugombania nafasi hizo, na maikrowevu nayo hupiga kelele kwenye masafa yaleyale chakula kikipashwa moto. Kuhamia gigahezi 5 husaidia sana, ila mawimbi hayo huchoka haraka mbele ya ukuta wa tofali za saruji. Ruta iliyofichwa nyuma ya TV ili sebule ipendeze haitafika chumba cha mwisho.

Upande wa nje kuna kisa kinachosahaulika zaidi. Mtu anarudi kutoka harusini, simu yake inashika waifai na kuanza kupakia video kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kumwambia yeyote. Ghafla nyumba nzima inasimama. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua. Ikijaa, ruta hurundika data kwenye foleni, na ombi dogo la kufungua ukurasa linasubiri nyuma ya foleni hiyo ya video. Hata anayepakua anaathirika, maana kompyuta yake lazima itume taarifa za kupokea. Mhandisi Jim Gettys alilivalia njuga suala hili kuanzia 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha mbinu ya kuisimamia foleni hiyo, CoDel. Ruta zenye mpangilio wa SQM, yaani usimamizi mahiri wa foleni, huitumia au jamaa zake. Kasi huwekwa chini kidogo ya ile iliyopimwa, takriban asilimia 90, ili foleni isijengeke. Kama ruta haina mpangilio huo, simu ipangiwe kupakia usiku wa manane.

Ruta zinazotumia laini ya simu ya mkononi zina lao. Mnara hugawana uwezo wake kwa wote walioungwa nao, kwa hiyo kasi ikiwa nzuri saa 10 alfajiri na mbovu saa 3 usiku, huo ni msongamano. Kuisogeza ruta dirishani huenda kukasaidia kidogo. Na kuna siku lawama haifiki hata kwenye mnara: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, Tanzania na Kenya zikajikokota pamoja na majirani.

Mteja anayepiga simu kwa mtoa huduma huambiwa kwanza azime na kuwasha. Akiwa na orodha ya saa na namba za ping kutoka kwenye kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo, anakuwa na hoja ya kudai fundi aje kupima laini, tena kwenye saa ileile tatizo linapotokea.