Mipira ya okazyo kwenye Coccinelle: hesabu niliyoifanya nimechelewa

Wiki jana kwenye grupu mdogo mmoja aliuliza: mtu akiwa na kamotokari kadogo ka zamani, anunue mipira gani, okazyo ama mipya? Nilimjibu "mipya", akanirudishia: "Wewe yaya uko na pesa." Hapana. Sina pesa, njo maana ninaandika.

Baba mdogo aliniachia VW Coccinelle 1300. Siendi nayo kazini. Jumamosi ninaioga, ninaipamba maua, inabeba bibi-harusi kutoka kanisani mpaka kwenye sale ya sherehe, halafu inarudi kulala. Kwa mwezi inafanya kama kilomita 250, kwa mwaka 3,000. Mushike hiyo namba, nitairudilia.

Mipira yake ilipokwisha nilienda kwa wauza okazyo hapa Lubumbashi. Nikapata minne ya 155R15, saizi yenyewe kabisa, dola 25 kila mmoja. Muuzaji aliinua mmoja akaingiza kidole kwenye mifereji: "Mukubwa, angaria meno yake, ingali mupya!" Na kweli meno yalikuwa marefu. Nililipa dola 100 nikarudi nyumbani ninaimba.

Mwezi wa kwanza, katikati ya masika, nilikuwa kwenye barabara ya Kipushi na bibi-harusi nyuma pamoja na shangazi yake. Mvua ilikuwa imetoka kuanza. Sikuwa hata kwenye 50. Kwenye kona ndogo nilitoa mguu kwenye gaz, tako la motokari likatoka. Nilizungusha usukani, haikusaidia kitu. Tuligeuka mzima, tukasimama kwenye majani tukiangalia kule tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Bibi-harusi alibaki ameshika maua yake bila kusema neno. Shangazi ndiye aliyesema: "Mwana wangu, utatufikisha, lakini hii kitu kisha uirudishe kwa mwenyewe." Nikaona haya kumwambia mwenyewe ni mimi.

Jioni nilichukua brosi na sabuni nikaosha ubavu wa mpira. Kuna neno DOT, halafu herufi na tarakimu. Mpira uliotengenezwa tangu mwaka 2000 unamaliza na tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2419 ni wiki ya 24 ya 2019. Wangu ulikuwa na tarakimu tatu tu: 328. Tatu ni za kabla ya 2000. Yaani wiki ya 32 ya mwaka unaoishia na 8. 1998, ama 1988, siwezi kujua. Mipira yangu "mipya" pengine ilinizidi miaka.

Sasa, kwa nini mpira wenye meno marefu uteleze? Kushika barabara ni kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya kaucho yenyewe: inalainika, inaingia katikati ya vijiwe vidogo vya lami, inang'ang'ania. Kazi ya pili ni ya mifereji: kutoa maji ili kaucho ifikie lami. Meno marefu yanafanya ile ya pili tu. Na kaucho inazeeka hata ikiwa imelala depo: hewa na jua vinaifanya ikauke, mafuta yake yanatoka, inakuwa ngumu kama bukari ya jana. Ubonyeze kwa ukucha, ukucha hauachi alama. Mpira kama huo unaweza kuwa na meno milimita 7 na bado ukachezea kwenye lami yenye maji kama sabuni. Mimi nilinunua meno, sikununua kaucho. Michelin wenyewe wanashauri mpira ukaguliwe kila mwaka ukishapita miaka 5 ya matumizi, na ukifika miaka 10 tangu utengenezwe utolewe, hata kama unaonekana mzuri.

Tena motokari hizi ziko na tabia yake. Coccinelle haina uzito, ni kama kilo 800 tu, na injini iko nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko kunakobeba sehemu kubwa. Kwenye hizi za 1200 na 1300 nyingi, ekseli ya nyuma inapinda kama bawa: ukiachia gaz ghafla kwenye kona, nyuma inainuka, magurudumu yanasimama vibaya, na sehemu ya mpira inayogusa chini, ambayo hata kawaida haipiti kiganja cha mkono, inapungua tena. Kama kaucho ni ngumu, basi, kwa heri.

Hapa ndipo niligundua kosa langu la pili, na hili lilikuwa la bure, halikuhitaji dola hata moja. Kwado wa kona yetu anatia kilo mbili na nusu pande zote nne, kila motokari. Kitabu cha Coccinelle kinasema kitu kingine kabisa: kwa mipira ya radiali, mbele karibu kilo 1.3, nyuma karibu 1.9. Nilidhani ni kosa la chapa. Siyo. Mbele inaachwa laini kwa makusudi ili isishike kuliko nyuma. Kwenye kona, mbele ndiyo itangulie kulegea, dereva asikie mapema, apunguze taratibu. Ukijaza mbele, umegeuza mpango huo. Na ukinunua mipira miwili tu mizuri, itie nyuma. Watu wengi wanatia mbele kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Bado kuna vishawishi vitatu huko sokoni, na mimi vyote vilinijaribu.

Fundi aliniambia niachane na saizi za zamani, nitie 185/65R15 ambayo iko kila mahali. Kwa urefu hesabu inakubali: 155R15 ina kimo cha karibu milimita 629, hiyo nyingine 621. Lakini janti ya Coccinelle ina upana wa inchi 4 ama 4 na nusu, na mpira wa 185 unataka angalau inchi 5. Ukiulazimisha, ubavu unavimba, na kwenye kona motokari inaogelea juu yake. Usidhani pia kwamba upana unaleta mshiko wa ajabu: kwa uzito uleule na upepo uleule, eneo linalogusa chini linabaki karibu sawa, linabadilika umbo tu. Na kwenye maji, mpira mwembamba unakata vizuri zaidi. 165R15, hiyo sawa, inaingia bila maneno.

Kishawishi cha pili ni mpira wa nguvu, wa plai 8, ule wa kamionete. Sisi watu wa migodi tunapenda kitu kigumu. Lakini namba 82 kwenye mpira wa kawaida wa 155R15 inamaanisha kilo 475 kwa kila gurudumu, mara nne ni 1,900. Coccinelle yenye watu wanne haikaribii hapo. Nguvu inayozidi utailipia kwa ubavu mgumu na kaucho ngumu, juu ya motokari isiyo na uzito wa kuibonyeza.

Cha tatu kilinishika mimi, mtu wa gestion. Mipira mingi inayopitia soko la Marekani inaandikwa TREADWEAR na namba. 600 inapaswa kuisha polepole mara mbili kuliko 300. Nikasema, bei ileile, maisha mara mbili, nani anakataa? Halafu nikakumbuka kilomita 3,000 zangu kwa mwaka. Katika miaka 6 nitafanya 18,000. Mpira wangu utakufa kwa uzee, si kwa kuisha meno. Kwa nini nilipie kilomita 60,000 ambazo sitazitembea, mara nyingi kwa kaucho ngumu zaidi? Mtu wa taksi afanye hesabu tofauti, na ana haki. Mimi niliangalia neno TRACTION: AA ni juu, halafu A, B, C. Inapima kusimama kwenye maji katika mstari ulionyooka tu, kona haimo. Kwa mipira ya Ulaya kuna karatasi yenye alama ya wingu na herufi, A mpaka E. Hiyo nayo ni ya mvua.

Mwishowe niliagiza minne mipya ya 165R15 kutoka Afrika Kusini, na usafiri ikafika dola 95 kila mmoja. Jumla 380. Niliuza laptopu yangu ya pili na nikakopa kwa dada. Ile okazyo ya dola 100 ilidumu masika moja, kwa hiyo mwaka uligharimu 100. Hii ya 380, nikiitumia miaka 6, ni kama dola 63 kwa mwaka. Na sikuhesabu arusi mbili zilizonikimbia baada ya shangazi kusimulia.

Wenye haraka ya kuuliza "basi okazyo zote mbaya?": hapana. Okazyo ya miaka 3 au 4, ubavu usio na nyufa, ukucha unaingia, meno yanapita kwa mbali ile alama ya milimita 1.6 iliyo ndani ya mfereji, chukua. Nenda na brosi yako na tochi ya simu. Muuzaji akikukataza kuosha ubavu, umeshajibiwa.

Sasa nimebaki na gurudumu la akiba, lingali lile la 328, pesa iliisha hapo. Kwenye Coccinelle hiyo akiba iko na kazi nyingine: upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuosha kioo. Kazi hiyo mzee wangu bado anaiweza. Lakini kama kuna mtu huko Kasumbalesa ameona mpira mmoja wa 155 ama 165 wa inchi 15, wenye tarakimu nne, aniandikie inboksi, tarehe 14 nina arusi.