Bluberi za oganiki: zimeota udongoni au ndooni?

Ukiingia supamaketi kubwa za Muscat, Dubai au London utaziona tu: kisanduku kidogo cha plastiki, bluberi ndani yake, na bei ya kumfanya mtu aitazame mara mbili. Pembeni kipo kisanduku kingine, sura ile ile, lakini kimeandikwa oganiki na bei imepanda tena. Akina mama wengi hukichukua hicho cha pili kwa ajili ya watoto. Nia njema kabisa. Lakini hebu tuulize, neno lile linatuambia nini hasa?

Wengi wetu tukisikia oganiki tunafikiria samadi, mboji, na mkulima mwenye udongo kwenye kucha. Kumbe huko Marekani bluberi inaweza kuuzwa kwa jina hilo na mizizi yake isiwe imegusa ardhi hata siku moja. Mche hupandwa kwenye ndoo ya plastiki iliyojazwa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, haya haya tuyajuayo sisi watu wa pwani. Chakula chake huletwa na maji ya mpira, tone kwa tone. Mbolea hiyo ikiwa imo katika orodha iliyoruhusiwa, cheti hutolewa.

Jirani yake ni mkulima mdogo anayelima ardhini. Naye ana cheti hicho hicho, lakini kazi zao ni mbali kama mbingu na ardhi.

Mmea wenye tabia zake

Bluberi asili yake ni Amerika Kaskazini. Zamani watu walizichuma porini tu, na waliojaribu kuzilima bustanini walishindwa. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Frederick Coville, alichapisha alichokigundua: mmea huu unataka udongo wenye tindikali. Elizabeth White, binti wa mkulima huko New Jersey, aliusoma utafiti ule, akamwandikia. Bibi huyu akawalipa wachumaji wa porini wamwoneshe vichaka vyenye matunda makubwa kuliko vyote. Mwaka 1916 mavuno yao ya kwanza yakaingia sokoni. Bluberi kubwa tunazokula leo zimetokana na kazi ile.

Udongo unaoufaa una pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Ardhi ya Oman sehemu kubwa ni ya chokaa, inapita 7. Ndiyo maana Jabal Akhdar utakuta komamanga na mawaridi, lakini bluberi huzikuti zikiota pembeni yake.

Tena mizizi ya bluberi ni myembamba, haina vinyweleo, na mingi haishuki chini ya sentimita 30. Mmea wa namna hii ungelikufa njaa peke yake. Lakini ndani ya mizizi huishi kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Kuvu hao huutolea mmea naitrojeni kutoka kwenye majani yaliyooza, nao mmea huwalipa sukari. Nipe nikupe.

Kwa hiyo mkulima wa ardhini kwanza hulima udongo, bluberi baadaye. Mara nyingi hutia salfa mwaka mzima kabla ya kupanda, ili vijidudu vya udongoni viigeuze kuwa tindikali polepole. Hutandaza magome ya msonobari na unga wa mbao, akang'oa magugu kwa mkono. Mwaka wa kwanza na wa pili huyakwanyua maua ili mche upate nguvu. Mavuno kamili huyapata mwaka wa sita au wa nane. Si mchezo! Lakini kichaka kikitunzwa, huzaa kwa makumi ya miaka.

Kura moja tu

Sheria ya oganiki ya Marekani ya mwaka 1990 inautaja waziwazi wajibu wa kustawisha rutuba ya udongo. Mwaka 2010 bodi inayoishauri serikali ilipendekeza kilimo kisicho na udongo kisipewe cheti. Serikali haikuufuata ushauri huo. Mwaka 2017 suala likarudi kwenye bodi, na pendekezo la kuzuia likaanguka kwa kura 8 kwa 7. Kura moja, bwana. Baadhi ya wakulima wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 2018 wenzao wakaanzisha alama yao ya ziada, Real Organic Project, kwa mazao ya ardhini pekee.

Wa upande wa pili nao wana hoja. Ndoo huokoa maji, hukwepa maradhi ya udongo, na huwezesha kulima mahali ambapo ardhi haifai. Sisi tunaoishi jangwani tusiibeze hoja hiyo. Hakuna ubaya kula tunda la ndooni. Ugomvi ni wa jina. Sisi tuliofundisha darasani tunajua kwamba wanafunzi wawili wakipewa alama moja, mmoja amefanya mtihani mzima na mwenzake nusu, anayevunjika moyo ni yule aliyefanya kazi yote. Mkulima mdogo akishindwa bei anauza shamba, na udongo alioutunza miaka ishirini unaondoka naye.

Basi tufanyeje?

Walioko Ulaya na Uingereza wana nafuu, kwani kanuni za huko zinataka mazao ya oganiki yaote ardhini, isipokuwa kwa mambo machache. Walioko Marekani waende soko la wakulima Jumamosi wamuulize muuzaji swali moja: zimeota ardhini au kwenye ndoo? Mwenye shamba la kweli hatachukia. Atakusimulia mpaka uchoke. Sisi wa Ghuba tusome nchi ilikotoka na alama ya cheti, tusiishie kwenye neno moja.

Na ukishazinunua, usizioshe mpaka wakati wa kula. Ule unga mweupe juu ya ganda ni kinga yake. Ukiuondoa, tunda huharibika upesi.