Nafasi Kwenye Fremu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia Baiskeli ya Magurudumu Matatu

Hapa mpakani Busia, baiskeli ya magurudumu matatu ni chombo cha kazi. Wafanyabiashara wanaoishi na ulemavu huiendesha kwa mikono na kuvusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda. Gurudumu likisugua fremu au cheni ikiruka njiani, mwenye chombo hawezi kushuka na kukisukuma hadi kando kama afanyavyo mwendeshaji wa bodaboda. Anabaki katikati ya barabara, malori yakimpita.

Hitilafu nyingi za aina hiyo zilianzia siku fundi alipokata bomba la kwanza. Kuna mambo mawili ya kuamua kabla ya msumeno kugusa chuma. La kwanza ni nafasi, yaani uwazi unaoachwa makusudi kati ya kitu kinachosogea na kile kisichosogea. La pili ni kiasi cha kukosea kinachokubalika. Hakuna fundi anayekata vipande kumi vikatoshana kabisa, kwa hivyo ni lazima ajue mapema wapi milimita 3 hazina madhara na wapi hata nusu milimita ni nyingi.

Wanaofundishwa jambo hili kwa ukali ni wanafunzi wanaounda magari ya mbio. Katika mashindano ya Formula Student, wanafunzi wa vyuo vikuu huunda gari dogo la mbio, na wakaguzi hulipima kabla ya kuliruhusu kuingia barabarani. Mkaguzi hunyoosha mstari kutoka kilele cha fremu iliyo nyuma ya dereva hadi kilele cha ile ya mbele. Helmeti lazima ibaki angalau milimita 50 chini ya mstari huo, na kipimo hicho hufanywa pia kwa umbo la mtu mkubwa, si kwa dereva mwembamba peke yake. Timu inayoikumbuka nafasi hiyo baada ya kuchomelea haina budi kukata fremu.

Sisi pia tuanze na mtu. Mwenye chombo akae, anyooshe mikono, azungushe usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Vidole vyake visikaribie spoki wala cheni, na gurudumu la mbele lisiguse miguu. Ikiwa chombo kitatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, apimwe aliye mkubwa. Upana nao uangaliwe: pima mlango wa nyumba au wa stoo yako kisha umpe fundi kipimo hicho. Si ajabu chombo kizuri kulala nje kwenye mvua kwa sababu kimezidi mlango kwa sentimita 2.

Gurudumu ndilo linalowakosesha wengi. Baiskeli ya kawaida huinama inapokata kona, kwa hivyo uzito hushuka moja kwa moja kupitia spoki. Ya magurudumu matatu haiinami. Uzito husukuma gurudumu kando nalo hupinda kidogo, hasa likiwa limebeba mzigo. Kwa sababu hiyo nafasi ya pembeni inayotosha baiskeli ya kawaida haitoshi hapa. Ongeza pia nafasi ya matope, kwani barabara zetu za udongo hujaza kila uwazi ulio chini ya madigadi wakati wa masika. Fundi akikwambia kidole kimoja kinatosha, mwombe viwili.

Cheni nayo hurefuka. Haivutiki kama mpira, bali pini zake huliwa. Pingili moja ya cheni ya baiskeli ina urefu wa milimita 12.7, hivyo cheni ya pingili 100 iliyoliwa kwa asilimia moja imerefuka kwa milimita 12.7. Ili kuikaza upya, ekseli inapaswa kusogezwa zaidi kidogo ya milimita 6. Tundu la duara haliruhusu hilo. Dai tundu refu la kusogezea ekseli. Milimita 20 zinatosha.

Matundu ya bolti yasibanwe mno. Bolti ya milimita 8 huingia vizuri kwenye tundu la milimita 9. Beringi ni kinyume chake: makao yake yanataka usahihi ulio mwembamba kuliko unywele, na hakuna grinda ya kushika mkononi itakayoufikia. Nunua habu iliyokwisha kuchongwa, na usikubali mtu achomelee karibu na beringi, maana joto huunguza grisi.

Kuchomelea kwenyewe hubadilisha vipimo. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kuvuta bomba kuelekea upande huo. Fundi mwangalifu hushikiza kwanza kila kona kwa nukta ndogo, hupima, kisha huchomelea kwa kupishana pande. Pia hupima kila kitu kutoka mstari mmoja. Akipima kipande cha pili kutoka cha kwanza, na cha tatu kutoka cha pili, makosa hujumlika: vipande vinne vyenye kosa la milimita 2 kila kimoja vinaweza kuleta kosa la milimita 8.

Wewe mwenyewe unaweza kukagua kwa tepu. Fremu ya milimita 600 kwa 800 inapaswa kuwa na milimita 1,000 kutoka kona hadi kona, kwa pande zote mbili. Ukipata 1,006 upande mmoja na 994 upande wa pili, fremu imelala kwa takriban milimita 10. Kisha pima umbali kati ya magurudumu ya nyuma, mbele yao na nyuma yao. Gurudumu moja likielekea ndani kwa milimita 10 katika urefu wa milimita 800 huku mwenzake limenyooka, matairi huburutwa kando jumla ya mita 12.5 katika kila kilomita. Ndiyo maana tairi jipya huisha upesi, na mikono huchoka kwa kazi isiyomfaa mtu.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na vipimo hivi vyafaa kuwa zoezi la mwanafunzi wa kuchomelea kabla hajakabidhiwa kazi ya mteja. Kwa mkazi anayeagiza chombo kwa fundi wa jua kali, ombi moja lisisahaulike: pakieni mifuko miwili ya saruji, ambayo ni kilo 100 kamili, mwenye chombo akae, na kila nafasi ipimwe tena fremu ikiwa imelemewa. Lifanyike kabla ya rangi kupakwa na kabla ya salio kulipwa.