Mtumishi Husimamishwa, Muda Hausimami

Katika nchi jirani za Kenya na Uganda, mtumishi wa serikali ya mtaa anapotuhumiwa kwa kosa, aghalabu husimamishwa kazi kwanza na uchunguzi hufuata baadaye. Hukabidhi funguo na majalada, hurudi nyumbani na barua mkononi, na mara nyingi hupokea nusu tu ya mshahara wake. Cheo chake husimama, marupurupu yake husimama, na hata heshima yake kwa majirani huingia mashakani. Jambo moja tu halisimami, nalo ni muda ambao sheria imempa wa kwenda mahakamani kudai haki yake.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1893 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzilinda mamlaka za umma. Kwa sheria hiyo, mtu aliyedhurika kwa kitendo cha mamlaka katika kutimiza wajibu wake wa umma alitakiwa afungue madai katika muda wa miezi 6 tu. Hoja zilizotolewa hazikuwa za kupuuzwa. Fedha za halmashauri ni fedha za walipa kodi. Maofisa huhamishwa, mashahidi husahau, na majalada hupotea. Haifai, ilisemwa, halmashauri iandamwe na madai ya miaka mingi iliyopita. Hata hivyo, Waingereza wenyewe waliona kwamba ngao hiyo ilikuwa ikiwaumiza wenye haki, na mwaka 1954 waliifuta. Katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wao, fikra ile ilibaki ndani ya vitabu vya sheria.

Nchini Uganda, madai dhidi ya Serikali au mamlaka ya mtaa yanayotokana na mkataba hayana budi kufunguliwa katika miaka 3. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, kama vile kukashifiwa au kufungiwa bila haki, yamewekewa miaka 2. Lakini mtumishi anayetaka Mahakama Kuu ichunguze uhalali wa uamuzi wenyewe, mathalani kwa sababu hakupewa nafasi ya kujitetea, anatakiwa afike katika miezi 3, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba ipo sababu njema ya kumwongezea muda.

Kenya nayo ina utaratibu wake. Mkataba wa kawaida baina ya watu wawili huweza kupelekwa mahakamani hadi miaka 6 tangu uvunjwe. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliupunguza muda huo kwa mashauri ya kazi ukawa miaka 3. Ikiwa madhara ni ya kuendelea, muda ni miezi 12 tangu yalipokoma. Aidha, tangu mwaka 2013, serikali za kaunti 47 ziliposhika mahali pa mabaraza ya zamani, mtumishi wa kaunti asiyeridhika na adhabu yake anatakiwa akate rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma katika siku 90, ijapokuwa Tume yaweza kuipokea rufani iliyochelewa ikiona inafaa. Sheria inamtaka apite njia hiyo kabla ya kubisha hodi mahakamani. Kwa hiyo mtumishi huyo ana saa mbili zinazokwenda kwa pamoja, na anapoitazama moja hana budi kuikumbuka na ya pili.

Ni hapa ambapo watu wengi huumia. Mtumishi aliyeshitakiwa kwa jinai hudhani kwamba ni busara kungoja hukumu, ili aende kudai kazi yake akiwa amekwisha kusafishwa jina. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua shauri la namna hiyo. Watumishi wa Serikali walikuwa wamefukuzwa kazi mwezi Oktoba 2010 na kushitakiwa. Walingoja hadi walipoachiwa huru, ndipo wakafungua madai. Mahakama ilisema kwamba muda ulianza kuhesabiwa walipopata barua za kufukuzwa, wala si siku waliyoachiwa huru. Miaka 3 ilikuwa imekwisha kupita. Walishinda katika jinai, lakini mlango wa madai yao ya kazi ulikuwa umefungwa.

Mahakama za nchi hiyo zimekwisha kusema pia, zaidi ya mara moja, kwamba barua za kusihi na mazungumzo ya suluhu hayasimamishi saa. Ofisa akimwambia mtumishi "subiri kidogo, jambo lako linashughulikiwa", maneno hayo hayamwongezei hata siku moja. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mambo haya huua na haki.

Ipo tofauti moja inayostahili kuangaliwa. Mtu anayedai kwamba alishitakiwa kwa chuki na bila msingi huhesabiwa muda tangu kesi ile ilipomalizika kwa ushindi wake. Lakini akiishitaki Serikali ya Kenya kwa dai hilo, muda wake ni miezi 12 tu. Basi tukio moja laweza kuzaa madai mawili, kila moja likiwa na siku yake ya kuanza na siku yake ya kufa.

Kwa askari, somo hili lina uzito wa pekee. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya haiwahusu wanajeshi na polisi wa nchi hiyo, ambao wana sheria zao. Lakini mpelelezi ndiye ashikaye jalada la mtumishi aliyesimamishwa. Kila mwezi ambao jalada hilo linalala mezani bila sababu ni mwezi unaokatwa katika miaka 3 ya raia ambaye pengine hana hatia. Uchunguzi wa haraka na wa haki humfikisha mwizi wa mali ya umma mbele ya sheria, na humrudisha mtu mwema kazini kwake kabla haki yake haijazeeka.

Hali kadhalika, halmashauri inayomsimamisha mtu ina wajibu wa kumaliza ilichokianza. Ukomo wa muda uliwekwa ili umma usiandamwe na madai yaliyooza, wala haukuwekwa ili uwe maficho ya wanaochelewesha maamuzi kwa makusudi. Naye mtumishi aliyepewa barua na aisome tarehe yake kabla ya kuyasoma maneno yake, kwani ni kwa tarehe hiyo mahakama itakapoanza kuhesabu.