Waya Hauongezi Sauti

Wanachuo wenzangu, boom likitoka kuna vitu ambavyo huingia geto siku hiyohiyo: kapeti, jiko la gesi, na redio yenye spika mbili au sabufa. Muziki ukishaanza kupiga, maswali nayo yanaanza. Mbona spika ya kulia inasikika kwa mbali? Mbona besi haina nguvu kama ilivyokuwa dukani? Ukirudi kuuliza, muuzaji anakuletea waya mnene wenye pini za rangi ya dhahabu na kukuhakikishia kwamba ukiufunga huo, utadhani umenunua redio nyingine. Bei yake ni chakula cha wiki nzima.

Kabla hujatoa hela, shika jambo moja: waya hauongezi sauti. Kazi yake ni kufikisha umeme unaobeba sauti kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye spika. Waya mzuri unafikisha kilichotumwa, waya mbaya unapunguza njiani. Kwa hiyo swali la kuuliza sio "upi una sauti nzuri?" bali "huu wangu unapunguza kiasi gani?" Swali hilo lina jibu la namba, na hesabu yake ni ya sekondari tu.

Tuanze na unene. Waya ukiwa mrefu, ukinzani unaongezeka. Ukiwa mnene, ukinzani unapungua. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Tuseme spika yako iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10, unapata omu 0.17. Sasa geuza spika uangalie nyuma, utaona imeandikwa omu 8, 6 au 4. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni omu 0.4, kwa hiyo waya wetu umepita vizuri. Kwa ya omu 4 kikomo ni 0.2, umepita kwa kubanwa, na hapo ni bora uchukue wa milimita 1.5 za mraba.

Linganisha na kinyaya chembamba cha milimita 0.2 za mraba. Kwa umbali uleule kinakula omu 0.85, zaidi ya asilimia 10 ya spika ya omu 8. Hapo kweli sauti inapungua na besi inalegea. Lakini dawa yake sio dhahabu. Ni waya wa kawaida wa shaba, mnene kidogo, unaopimwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya umeme. Ukishavuka kikomo kile, kuongeza bei hakuongezi kitu masikioni.

Pili, angalia kama ni shaba kweli. Nyaya nyingi za bei poa ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Haina maana utupe. Alumini ina ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo nunua saizi kubwa zaidi, na usikubali kuuziwa kwa bei ya shaba.

Tatu, ufungaji, na hapa ndipo sauti nyingi zinapopotelea bila hela yoyote kuhusika. Nyekundu ya amplifaya iende kwenye nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja tu, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inajifuta yenyewe. Jipime hivi: kaa katikati ya spika mbili, piga wimbo wa mwimbaji mmoja. Sauti yake inatakiwa isikike kama inatoka katikati, pale pasipo na spika. Ikitawanyika pembeni na besi ikawa nyembamba, geuza waya wa spika moja usikilize tena. Zima redio kwanza, na hakikisha hakuna uzi uliochomoza unaogusa upande wa pili, maana unaweza kuunguza amplifaya.

Nne, kuna ule mvumo unaosikika ukiunganisha laptop. Kabla hujanunua waya mpya, chomoa chaja ya laptop kwenye umeme. Mvumo ukikata, basi shida inapitia kwenye chaja na njia za erthi, na waya ghali utakuletea mvumo uleule. Sikiliza muziki laptop ikitumia betri, au tumia bluetooth. Usije ukakata pini ya erthi ya plagi ili kuua mvumo, hiyo pini ipo kwa ajili ya uhai wako. Kama mvumo haukati, sogeza waya wa sauti mbali na ekstensheni, kisha jaribu kuazima waya mwingine.

Na zile pini za dhahabu? Dhahabu haishiki kutu, na kwa tunaoishi karibu na bahari hiyo ni faida ya kweli. Ni faida ya kudumu lakini, sio ya utamu wa muziki. Pini ya kawaida ikiwa safi na imekaza, inafikisha vilevile. Kwa nyaya za kidijitali kama HDMI, sauti inasafiri kama namba. Waya ukiwa mbovu utasikia inakatika au haitoki kabisa. Hakuna waya wa HDMI wa "besi zaidi."

Bado kuna rafiki atakayeapa kwamba amesikia tofauti. Usibishane naye, mpe mtihani. Sisi wa ualimu tunajua udhaifu wa maswali ya kweli au si kweli: anayebahatisha anapata karibu nusu. Basi mkalishe akiwa ameupa redio mgongo, sauti iwe kiwango kilekile, rusha shilingi kuamua waya upi ufungwe, naye ataje. Fanya mara 10. Akipata 5 au 6, anabahatisha. Akipata 9 au zaidi, msikilize, kwa sababu bahati tupu humfikisha hapo kama mara 1 tu katika 100.

Kwa hiyo ukisikia sauti haikai sawa, fuata mpangilio huu: rangi za waya, ukazaji wa pini, unene na urefu, halafu mahali spika zilipo. Zitoe kwenye kona, zipandishe zifike usawa wa masikio, zigeukie unapokaa. Ukimaliza hayo yote na bado kuna shida, ndipo uanze kufikiria hela.