Tathmini ya mmweko wa tao la umeme

Tathmini ya mmweko wa tao la umeme ni uchunguzi wa kukadiria kiasi cha joto kitakachomfikia mfanyakazi endapo umeme utaruka hewani kati ya vyuma au nyaya zenye umeme. Hufanywa kabla ya kazi kuanza, ili kujua kama kazi hiyo ni salama na fundi anahitaji kinga gani.

== Hatari yenyewe ==
Kwa kawaida watu huita ajali zote za umeme "shoti". Lakini anayepigwa na umeme hupitiwa na mkondo mwilini, ilhali tao la umeme linaweza kumuunguza mtu ambaye hakugusa kitu. Joto la tao linaweza kufikia nyuzi 19,000 za Selsiasi. Shaba hugeuka mvuke, hewa hutanuka ghafla na vipande vya chuma hurushwa.

Tao linaweza kusababishwa na spana iliyoanguka, panya aliyeingia ndani ya kabati la swichi, au kihami kilichochakaa. Katika pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, upepo wa bahari huongeza hatari hiyo. Unyevu na chumvi huleta kutu kwenye viungo, na utando wa chumvi ukilowa juu ya vihami hupitisha umeme. Hivyo ukaguzi na usafishaji wa vifaa ni sehemu ya kinga.

== Historia ==
Mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee wa Marekani alichapisha njia ya kukokotoa joto la tao na umbali ambao mtu anaweza kuungua. Mwaka 2002 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwongozo namba 1584, uliorekebishwa mwaka 2018.

== Hatua za tathmini ==
# Kuchora mfumo wote wa umeme: transfoma, nyaya, fyuzi na breka.
# Kukokotoa mkondo wa shoti katika kila kabati.
# Kutafuta muda ambao breka au fyuzi itachukua kukata umeme.
# Kukadiria nishati itakayofika kwenye mwili wa fundi, mara nyingi kwa umbali wa sentimita 45 hivi.
# Kubandika matokeo kwenye kabati.

Kalori 1.2 kwa sentimita mraba hutosha kuanza kuunguza ngozi kwa daraja la pili.

Ukubwa wa volti peke yake hauonyeshi hatari. Transfoma ya kVA 1,000 inayotoa volti 400, yenye ukinzani wa asilimia 5, inaweza kutoa mkondo wa shoti wa karibu ampea 29,000. Muda nao ni muhimu: mkondo uleule ukidumu sekunde 1 badala ya sekunde 0.1, nishati huwa mara kumi. Kwa sababu hiyo mkondo mdogo unaweza kuwa hatari zaidi, ukichelewesha breka kukata.

== Kinga ==
Kinga bora ni kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli, kuweka kibao cha onyo na kupima kuhakikisha kwamba hakuna umeme. Mavazi maalumu huja mwisho. Nguo za nailoni au poliesta hazifai, kwani huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Nchini Tanzania, usalama kazini unaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA.